Pishi Kumi na Sita za Hewa

Darajani, Mjini
9 Februari 1957

Kwa Bi Kazija, bibi yangu na mke wangu wa mwanzo,

Shikamoo bibi. Natumai miguu imekuachia, na wale kuku wako wezi bado jirani hajawachinja. Mimi mzima, ila nimejaa kifua kwa kuzungusha spana mpaka shati alilonishonea mama halinifungi. Msalimie, na mwambie aanze kushona jengine, pana zaidi. Nnakuandikia kwa herufi za Kiarabu za chuoni kwa kuwa za Kizungu huzijui, na mimi za Kizungu nnazijua nusu, lakini hiyo siri yetu.

Sasa kaa kitako, nina neno. Gari letu linatutia aibu. Mjomba Usi, huyo mwanao, kila akifika hapa Darajani na abiria wa Makunduchi, hata hajashuka vizuri anaanza kulia: petroli, petroli, petroli. Tangu mfereji wa Misri uzibwe bei imepaa, na lile gari linakunywa kama wageni wasioalikwa. Juzi kasema mbele ya makuli wa sokoni kuwa mambo yakiendelea hivi atalitafutia mnunuzi. Nikamwambia, "Mjomba, utauzaje kitu cha mama yako?" Akanijibu, "Nyamaza wewe, skuli yenyewe imekushinda." Imenishinda! Skuli haikunishinda, bibi. Tuliachana kwa wema.

Dawa nnayo. Fundi Muhiddin, mwenye gereji hii nnayofanyia kazi, amepata kutoka Mombasa kichwa cha injini cha dizeli, na pampu yake na pistoni zake, vilivyotengenezwa vikae juu ya mwili wa injini ya petroli kama yetu. Mwili unabaki ule ule, kichwa kinabadilishwa. Dizeli bei yake rahisi, na ukitia kidogo unakwenda mbali. Fundi kasema kazi hiyo nifanye mimi, kwa kuwa hapa gerejini hakuna mwenye mkono kama wangu. Kwa mdomo hakusema hivyo, lakini nilimuona macho.

Usiniulize dizeli ndiyo nini halafu ukalala, nakufundisha. Mwambie Simai, kijana wako wa kutumwa, atie upepo baskeli yake kwa nguvu, kisha wewe ushike mdomo wa pampu. U moto, sivyo? Hewa ukiishindilia inapata moto. Basi injini ya petroli inachukua hewa ya pishi sita na nusu, pishi kama za kupimia mchele, inaishindilia mpaka ienee ndani ya pishi moja. Joto linapatikana, lakini halitoshi, ndiyo maana inawekewa plagi ya kutia cheche. Dizeli haina plagi. Yenyewe inashindilia pishi kumi na sita ndani ya pishi moja. Kumi na sita, bibi! Hewa inakuwa kaa la moto, na dizeli ikirushiwa humo inaripuka yenyewe bila ya kuombwa. Wako wanaokwenda mpaka ishirini, lakini injini zao zimezaliwa za dizeli, zina mifupa minene. Yetu imezaliwa ya petroli. Ukiizidishia itapasuka, ukiipunguzia haitawaka. Kumi na sita ndipo mahali pake, na mpimaji ni mimi.

Mjomba hataki. Lakini gari si lake, ni lako, babu aliliacha kwa jina lako. Sema neno moja tu. Siku ya Mwaka Kogwa, watu wakija kwetu kuuaga mwaka na kupigana kwa magomba ya migomba mpaka vinyongo viishe, nataka nije nao kutoka mjini kwa gari la dizeli. Nikishuka nikute wali ndani ya lile sinia lako la shaba la harusi, lenye maua ukingoni, na nikae upande wangu ule ule, penye ua lililobonyea.

Mumeo,
Jecha


Makunduchi
2 Machi 1957

Kwa Jecha, mume asiye na mahari,

Marahaba. Kuku wangu hawaibi, wanatembea. Mama yako hajambo, shati halishonwi mpaka uonekane hilo tumbo unaloliita kifua. Miguu yangu vile vile.

Simai katia upepo mpaka jasho likamtoka, nikashika mdomo wa pampu kama ulivyoniamrisha, kidole kimebabuka. Ungeniambia nishike kwa kanga. Lakini nimefahamu.

Usi nlimwita. Kanambia, "Mama, huyu mtoto alitoka skuli kabla hawajafika kwenye hesabu za kugawa." Nkamwambia gari ni langu. Babu yako hakulinunua apate faida, alilinunua kwa sababu dada yake alikufa na mimba njiani, anakimbizwa hospitali kwa gari la ng'ombe. Alisema mwanamke wa kwetu hatojifungulia tena njiani. Usi neno hilo analijua. Lakini na yeye ana watoto wa kulisha, na petroli kweli inammaliza.

Basi tumekubaliana hivi. Lifanye. Likileta watu siku ya Mwaka, gari linabaki na maneno yanakwisha. Lisipoleta, Usi ataliuza kwa Bwana Mmanga, yule mnunuzi wa nazi wa Mtoni, apakilie nazi zake. Nimempa mkono, wala sivunji.

Sinia lipo. Njoo na adabu.

Bibi yako,
Kazija


Darajani, Mjini
6 Mei 1957

Kwa mke wangu Bi Kazija,

Shikamoo na mkono wa Idi. Mwaka huu sikuja kula kwako, nimekula wali wa gereji kwenye sahani ya bati yenye kutu, nikakukumbuka nikatoa machozi. Tena si kwa ajili yako, kwa ajili ya nyama. Mpe mama mkono wa Idi. Mwambie shati alishone tu, ukweli umethibitika.

Kazi imekwisha! Nimefunga kichwa cha dizeli mimi mwenyewe, kwa mikono hii unayoisema kila siku. Boliti za petroli zilikuwa nyembamba, nikatoboa upya nikatia nene. Nafasi iliyobaki juu ya pistoni nimeijaza mafuta kwa bomba la sindano, nimepima, nimegawa, nimerudia. Kumi na sita, bibi, wala si kumi na tano na robo tatu. Fundi Muhiddin kazunguka gari akitafuta kosa kama mtu aliyeangusha pete, hakuliona. Asubuhi Mjomba Usi kaligusa mara moja tu, likaamka. Mara moja! Mapipa ya samaki pale sokoni yalitikisika. Sauti yake utaisikia kabla hujaliona.

Nlitaka nimueleze mjomba mambo yake, maana dizeli ina tabia zake si kama petroli. Kanambia yeye anaendesha gari tangu mimi sijatahiriwa. Ahsante hakusema. Basi na mimi nikafunga mdomo, nikamwachia ufunguo. Dereva mkubwa, atajionea mwenyewe.

Sinia lisugue kwa ndimu na majivu. Nakuja na gari mchana kweupe.

Fundi,
Jecha


Makunduchi
11 Juni 1957

Kwa Jecha,

Waalaikumu salamu, kama ulisalimia. Barua hii anakuletea Simai kwa baskeli. Jiulize mwenyewe kwa nini haikuletwa na gari.

Wiki za mwanzo lilikwenda, sisemi uongo. Sasa haliamki. Usi kila alfajiri anawasha makumbi ya nazi na kuyashika puani mwa injini ati livute hewa ya moto. Linakohoa, linatoa moshi mweupe, linalala. Abiria wanateremka wanasukuma. Bi Mashavu, rika langu, mwenye magoti kama yangu, kasukuma gari alilolilipia nauli! Watoto wanafuata nyuma wanaimba, na katika nyimbo yao mna jina lako. Siandiki walivyolitia.

Hayo ningeyastahamili. Wiki iliyopita Mwatima, mke wa jirani yetu, kashikwa na uchungu alfajiri. Gari likasukumwa mpaka wanaume wakakaa chini. Halikuwaka. Tukampakia kwenye gari la ng'ombe. Kajifungulia Kitogani, njiani, chini ya turubali. Mtoto mzima, mama mzima, Mungu ashukuriwe, wewe usishukuriwe. Lile alilolikataa babu yako ndilo lililotokea, na gari lake liko hapa linatizama.

Nakuuliza kama ninavyomuuliza muuza mchele: katika hizo pishi kumi na sita, umepunguza ngapi ukala?

Kazija

Habari ya sinia iache. Mtu mzima haulizwi vyombo vyake.


Mtoni
24 Juni 1957

Kwa Bi Kazija,

Shikamoo. Mtoto wa Mwatima nampa pole na hongera, mama yake pia. Nimesikitika kweli, hilo sina mzaha nalo. Sasa ya pili.

Nimepunguza pishi! Mimi! Mimi niliyepima mpaka macho yakavimba! Injini si mwanasesere, bibi, haiamki leo kumi na sita, kesho ikajipunguza kwa kuchoka. Ikipungua, mtu kaitia mkono. Muulize Mjomba Usi, nani kafungua kile kichwa? Mimi nlimuuliza pale Darajani mbele ya watu, akapandisha kioo. Mtu hana la kuficha anapandisha kioo kwa nini, na jua lile?

Fundi Muhiddin naye kasema makosa yangu, nimekosea kugawa. Anataka kichwa kikwanguliwe kiwe chembamba, mshindilio uzidi. Nkamwambia: hesabu yangu kama ni sawa, ukikwangua utafika ishirini, boliti zitakatika, na mwili ule wa petroli utapasuka na watu wamo ndani. Akasema nani fundi hapa? Nkamwambia. Tukazungumza kidogo, yakaisha.

Barua zako nitumie Mtoni siku hizi. Kuna upepo mzuri.

Jecha


Makunduchi
12 Julai 1957

Kwa Jecha wa upepo,

Marahaba. Mama yako kaumwa na jino, kalitoa. Mtoto wa Mwatima kaitwa Kitogani na watoto wenzake kabla hajatambaa, nami nawafukuza kwa fagio.

Simai alikuulizia gerejini, wakamwambia hapa hayupo mtu wa jina hilo. Kafika Mtoni kakuona kwa Bwana Mmanga umebeba makanda ya nazi kichwani. Hakukuita, alikuonea haya. Upepo wa Mtoni nimeufahamu.

Usi kachoka. Gari limekokotwa na lori, liko uwanjani kwa huyo huyo Mmanga unakolala. Mwaka ukipita bila ya gari kuwaka ni lake. Nlitoa mkono.

Umeuliza nani kafungua injini. Usi kasema hakuna fundi aliyeigusa. Mimi sina la kuongeza.

Ufunguo wa sanduku la spana la garini anao Simai, kaja nao pamoja na barua hii. Nimemwambia akupe. Usiniulize kwa nini.

Bibi yako


Mtoni
19 Julai 1957

Kwa Bi Kazija,

Shikamoo naitoa kwa kuwa ni adabu, si kwa kuwa moyo umependa. Mama mpe pole ya jino. Wewe sikupi pole ya kitu.

Nimefungua kichwa. Bwana Mmanga kasimama na bakora yake pembeni ananitizama kama nnayemuibia, na gari bado si lake. Nimekinyanyua. Gasketi yangu, lile bamba la kuzuia mshindilio usivuje baina ya kichwa na mwili, iko mahali pake. Vizuri. Juu ya gasketi pana shaba. Juu ya shaba pana shaba nyengine, kipande kizima kimekatwa kwa mkasi wa bati kufuata matundu ya silinda. Nikafuta masizi kwa kidole. Bibi, pana maua.

Nilikaa chini. Mmanga akaniuliza, "Kuna nini humo?" Nkamwambia, "Harusi ya bibi yangu." Akadhani nimerukwa na akili. Na ua langu lililobonyea, upande wangu wa kulia wali tangu sina meno, liko baina ya silinda ya pili na ya tatu, limelazwa kwa nyundo, na hapo hapo ndipo mshindilio ulipokuwa unavujia!

Sasa nimeyajua yote, msinifiche. Injini ya petroli ikigonga, madereva wa shamba wanaongeza gasketi ya pili. Nafasi ya juu inakuwa kubwa, mshindilio unapungua, kelele zinatulia, dereva anajiita fundi. Kwa petroli inakwenda. Mjomba kasikia dizeli inagonga, akadhani inaumwa, akaipa dawa ya petroli. Lakini dizeli inagonga kwa sababu ndivyo inavyopumua! Kuinyamazisha ni kuikaba koo! Nimepima na shaba ikiwa ndani: kumi na mbili. Kumi na mbili, bibi, na kidogo. Pishi nne zimeliwa na sinia, na mimi nimesimangwa kwa pishi hizo mji mzima na shamba, nimetungiwa nyimbo, nimeambiwa nimezila, nimebebeshwa nazi kichwani! Na wewe, mwenye sinia, umekaa unaniandikia "mtu mzima haulizwi vyombo vyake"!

Shaba nimeitoa. Nimerudisha gasketi moja, mpya, nimekaza boliti zile zile. Asubuhi ya pili, umande ungali juu ya bodi, nimeligusa. Mara moja. Bakora ya Mmanga ilianguka.

Gari litawaka, hilo usitie shaka. Lakini siliondoi hapa mpaka niwe na ahadi yako kwa maandishi, kuwa siku ya Mwaka utasimama mbele ya watu wote, pamoja na hao watoto wa nyimbo, useme shaba ilitoka wapi. Husemi, gari abaki nalo Mmanga, na mimi nitapanda meli niende zangu Tanga.

Aliyekuwa mumeo,
Jecha


Makunduchi
27 Julai 1957

Kwa Jecha wa Tanga,

Marahaba, uitoe kwa moyo au kwa meno. Mama yako hajambo, anatafuna upande mmoja.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Wallahi umenikasirisha, na mimi nitakukasirisha vile vile.

Sinia nlilitoa mimi. Usi alikuja hapa ukumbini kajishika kichwa, akasema, "Mama, linagonga kama kinu, abiria wanauliza kama litapasuka, wanawake wenye mimba wanakataa kupanda." Akasema inatakiwa shaba laini. Nkatizama ndani ya nyumba, shaba iliyokuwepo ni moja. Nkampa. Nlimshikia taa ya chemni huku anakata. Sinia alilonipa mama yangu, Jecha. Ulidhani nlilitoa kwa furaha? Nlilitoa ili gari lako lisitukanwe! Usi akanambia usiandikiwe, utamcheka. Nami nikanyamaza, kwa kuwa kweli ungemcheka.

Sasa niambie wewe. Ulinifundisha mimi mambo ya pishi, mimi nisiyejua hata breki iko wapi. Ulinibabua kidole. Ulinambia sauti yake nitaisikia kabla sijaliona. Ni wapi uliandika kuwa kule kugonga ndio uzima wake? Barua zako ninazo zote, nimezitoa chini ya mto, nimetafuta. Pana kifua, pana shati, pana macho ya Fundi Muhiddin. Hilo halipo! Na mjomba wako anayelishika usukani kila siku ulimfungia mdomo kwa kuwa hakusema ahsante. Kwa ahsante moja Mwatima kazalia Kitogani. Ujitie humo na wewe, usituachie sisi wawili tu.

Simai kanambia jengine kuhusu gereji. Kuwa Muhiddin alikuamrisha ukwangue, ukakataa, akakutoa. Hilo la kutolewa hukuliandika, wewe unayeandika mpaka ulichokula. Basi huko kukataa kwako ndiko pekee kulikonipendeza.

Ahadi unayo: nitasimama, nitasema. Na kama una kinyongo na Usi, siku yenyewe ni ya kazi hiyo, gomba nitakuchagulia mimi. Lakini kwanza uwalete watu. Tanga nenda baadaye.

Kazija


Mtoni
15 Agosti 1957

Kwa Bi Kazija, mwanamke mwenye hila,

Shikamoo. Nimefika salama, ila sikio la kushoto bado linavuma. Mama mwambie shati alilonitumia limenitosha, lakini lile gomba la mjomba limelichana begani, alishone tena.

Nimekuja kudai haki yangu. Nilitimiza yangu yote. Gari lilitoka Darajani alfajiri, limejaa mpaka watu wa ngazini, likaamka kwa mara moja mbele ya Fundi Muhiddin mwenyewe, aliyekuja ati kununua ndizi. Njia nzima abiria wananiuliza mbona linagonga, na mimi nawajibu mmoja mmoja mpaka koo likakauka. Nimewafikisha. Mjomba nikamkuta uwanjani na gomba mkononi, wala hakunisalimu, kanipiga la sikio. Nami nikampiga la mgongo kwa ajili ya kioo alichokipandisha, na la pili kwa ajili ya skuli. Tulipigana mpaka magomba yakabaki nyuzi. Hayo yamekwisha, ndiyo desturi, sina neno naye.

Neno ninalo na wewe. Uliahidi utasema. Ulisimama, kweli, kanga kichwani, vile vipande viwili vya shaba nilivyokurudishia umevinyanyua juu. Mimi nikajinyoosha, nikasema sasa nasafishwa jina. Ukasema, "Shaba hii yangu, nilitoa mimi. Ndiyo iliyozima gari, si mjukuu wangu. Aliye na neno aje anipige gomba." Halafu ukamtizama kila mtu usoni. Nani angekuja, bibi? Hata yule mtoto wa nyimbo alijificha nyuma ya Bi Mashavu! Hivyo ndivyo watu wanavyoomba radhi? Kule ni kutangaza vita! Nimesafishwa, na papo hapo nikaogopeshwa.

Mjomba wakati wa kurudi kanikalisha mbele, pembeni yake. Tukafika Kitogani. Hapo akasema, "Huku kugonga. Kwa uzima kunakuwaje, na kwa maradhi kunakuwaje?" Nkamweleza mpaka tukaingia mjini. Ahsante hakusema. Lakini safari hii sikufunga mdomo.

Muhiddin ameniita nirudi. Nimemwambia nafikiria. Sifikirii, nitarudi Jumatatu, ila alale na hofu kidogo.

Sinia unanidai, najua. Nakutafutia jengine. Ua nitalibonyeza mwenyewe.

Mumeo, bado,
Jecha


Makunduchi
2 Septemba 1957

Kwa mume wangu Jecha,

Marahaba. Barua hii imekuja kwa gari. Shati linashonwa.

Sinia jipya silitaki. Vile vipande vyangu nimevisugua kwa ndimu na majivu kama ulivyoagiza, nimevitundika ukutani. Kwa kulia wali, njoo, sahani ya bati inakungoja, na Usi kasema atakaa pembeni yako.

Gari linalala chini ya dirisha langu. Linaamka kabla ya mwadhini, linagonga mpaka vyungu vinacheza jikoni na kuku wangu wanakimbilia shamba la jirani. Kelele zake mbaya, sijapata kusikia. Juzi tunakwenda na Mwatima kumpima mtoto huko mjini, Bi Mashavu akanishika mkono, rangi imemtoka, akanambia, "Kazija, mbona linagonga vile?"

Nkamwambia, "Tulia. Siku likinyamaza, teremka."

Kazija